Mama anasahau: nimtoe Chang'ombe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, anaishi Chang'ombe hapa Dodoma, kwenye nyumba waliyojenga na marehemu baba. Anauza mlenda mkavu barazani. Tangu mwaka jana amekuwa msahaulifu: anauliza jambo moja mara tatu asubuhi hiyohiyo, na mara mbili ameunguza sufuria. Mimi nimejenga Iyumbu, kuna nafasi. Nimesoma kwamba wazee wanaoishi mitaa duni ubongo wao hupungua kuliko wa wenzao wa mitaa mizuri. Ni kweli? Nimhamishe kabla hajaharibikiwa zaidi? Kaka zangu wanasema ni uzee tu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka zako, maana jibu lao ni fupi: hapana, si uzee tu. Mzee akisahau alipoweka miwani, kisha akakumbuka akiwa anakunywa chai, hilo ni la umri. Kuuliza jambo moja mara tatu, na kuunguza sufuria asikumbuke hata kwamba aliibandika, hilo linataka kupimwa. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulikuta kwamba katika kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea, kama 6 walikuwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na uwezo wa mtu kujiendeshea mambo yake. Geuza hesabu hiyo uone: wazee zaidi ya 90 hawakuwa nayo. Umri peke yake hautoshi kueleza sufuria ya mama.

Sasa swali lako. Ulichosoma ni kweli, ila kinahitaji kusomwa taratibu. Huko Wisconsin, Marekani, watafiti walichukua watu wapatao 950, watu wazima na wazee ambao kumbukumbu zao zilikuwa bado nzima, wakawapiga picha za ubongo, kisha wakaangalia kila mmoja anaishi wapi. Mitaa yenyewe waliipima kwa vigezo 17: kipato cha wakazi, elimu, ajira, hali ya nyumba na mengine ya aina hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa watu waliokuwa wakiishi kwenye asilimia 20 ya mitaa iliyo duni kabisa, sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi ilikuwa ndogo kwa asilimia 4 hivi ukilinganisha na wengine, na ubongo mzima ulikuwa mdogo kwa asilimia 2. Hipokampasi ni kipande kidogo kilichojificha ndani, usawa wa masikio, na kazi yake kubwa ni kuandika habari mpya: nani kapita asubuhi, nani kakopa kikombe cha mlenda, kwamba kuna sufuria jikoni.

Lakini picha ya siku moja haisemi nini kilitangulia. Inawezekana mtaa ulimchosha mtu. Inawezekana pia maradhi yalimfilisi, akahamia mtaa wa bei nafuu, watafiti wakamkuta huko. Lipo jaribio moja la Marekani linalosaidia kidogo hapo. Kuanzia 1994 hadi 1998, familia maskini za miji mitano, ikiwemo Chicago na Boston, zilichaguliwa kwa bahati nasibu: baadhi zikapewa msaada wa kodi ya nyumba kwa sharti la kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo, nyingine hazikupewa. Miaka 10 hadi 15 baadaye akina mama wa kundi lililopewa nafasi ya kuhama walikuwa na unene uliokithiri na kisukari kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Kwa kuwa bahati nasibu haichagui mwenye afya na mgonjwa, tofauti hiyo ilitokana na kuhama. Na kisukari ni mojawapo ya mambo yanayouharibu ubongo uzeeni. Ila walipimwa wakiwa bado watu wa makamo, si wazee wa miaka 71. Usichukue jaribio hilo ukaitisha Kirikuu la kubeba vyombo vya mama.

Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee katika mji huu kwa miaka mingi, na nimejifunza kuuliza hivi: mtaa unaingiaje kichwani mwa mtu? Hauingii kama jini. Unaingia kwa milango, na milango hiyo inajulikana. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangerekebishwa kuanzia utotoni hadi uzeeni, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Humo kuna presha, kisukari, kutosikia, kutoona, upweke, sonona, moshi na hewa chafu, kuumia kichwa, kukosa shule. Soma orodha hiyo huku unatembea kutoka Chang'ombe mpaka Uzunguni, utaona jinsi mambo hayo yalivyogawanywa mtaa kwa mtaa.

Presha ndiyo ninayoitazama kwanza, kila mara. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Damu inayoleta oksijeni hiyo hupita kwenye mishipa midogo mno, na presha ikikaa juu miaka kumi, ishirini, mishipa hiyo hukakamaa na kuziba kimya kimya. Mtu haanguki, mdomo haupindi, hasemi "nimepata kiharusi". Anapungukiwa tu, kidogo kidogo. Hukohuko Hai, karibu wazee 7 kati ya 10 wa miaka 70 na zaidi walikutwa na presha ya juu, na wengi hawakuwa wanajua. Uzuri ni kwamba mlango huu unafungika, na unafungika hukohuko mtaani. Huko China, katika vijiji 326 vyenye watu karibu 34,000 wenye presha, wahudumu wa afya wa kijijini ambao si madaktari waliobobea walipewa kazi ya kupima, kutoa dawa na kufuatilia hadi presha ishuke kabisa. Baada ya miaka 4 dimenshia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 ukilinganisha na vijiji vilivyoendelea na huduma ya kawaida. Hakuna mzee aliyehamishwa. Ilihamia kwao huduma.

Maji nayo. Watu hushangaa nikitaja maji kwenye mambo ya kumbukumbu. Kuna bibi mmoja aliletwa kwangu na mjukuu wake, malalamiko ni kama ya mama yako. Nilimuuliza analala saa ngapi. Akacheka. Akasema maji ya mgawo kwao hutoka saa nane usiku, tena kwa siku mbili tu za wiki, na yeye ndiye mwenye usingizi mwepesi nyumbani, kwa hiyo ndiye anayeamka. Anasikiliza bomba likianza kukoroma, anaamka, anapanga madumu, anakaa kwenye kigoda mpaka dumu la mwisho lijae. Hata siku ambazo maji hayatoki anaamka kusikiliza. Miaka sita. Presha yake siku hiyo ilikuwa 178 kwa 102. Nyumba nyingine za mji huuhuu, za mitaa ya juu, mgawo ni uleule, lakini kuna tenki la lita elfu tano juu ya mnara na hakuna anayejua maji yaliingia saa ngapi. Huo ndio ukosefu wa usawa ninaouzungumzia, mwanangu. Mji mmoja, visima vilevile vya Mzakwe, lakini mmoja analala na mwenzake anakesha. Usingizi unaokatwa katwa hupandisha presha na huunyima ubongo saa zake za kuhifadhi yaliyotokea mchana. Familia ilinunua tenki dogo lenye boya, likaunganishwa na bomba, likawa linajaa lenyewe. Pamoja na dawa ya presha, baada ya miezi minne alikuwa mtu mwingine. Hakupona kila kitu, lakini aliacha kuuliza leo siku gani.

Macho na masikio nitayataja kwa haraka, ingawa yana uzito. Sisi wa Tanzania ya kati tunaijua vikope, trakoma. Kongwa hapo jirani imetafitiwa kwa miongo mingi kwa sababu ya ugonjwa huo, na mojawapo ya yaliyothibitishwa huko ni kwamba nyuso za watoto zikioshwa, ugonjwa mkali hupungua. Maji tena! Akina mama ndio walioumia zaidi kwa sababu ndio wanaobeba watoto wenye macho yenye tongo. Mtu aliyeugua mara nyingi utotoni, uzeeni kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho. Ongeza mtoto wa jicho. Mzee asiyeona vizuri huacha kutoka, huacha kutambua sura, na watu husema amechanganyikiwa. Asiyesikia ni hivyohivyo: anauliza mara tatu kwa kuwa hakusikia mara mbili za kwanza. Kabla hujaniambia mama anasahau, ningependa kujua kama masikio yake yamewahi kuchunguliwa. Nimewahi kutoa nta ngumu kama punje ya mahindi kwenye sikio la mzee ambaye wanawe walishaanza kugawana mashamba.

Halafu moshi wa mkaa na kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Serikali ina mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama yako asisubiri mwaka huo. Halafu makorongo. Unayajua ya kwenu, na vile vijibao vya kuvukia, bila taa. Mzee akianguka na kugonga kichwa, hilo pia limo kwenye yale 14.

Shule ndiyo inayonisikitisha zaidi kwa sababu mlango wake ulifungwa zamani. Mtoto aliyezaliwa miaka ya 1950 katika vijiji vya Ugogo, hasa wa kike, darasa lilikuwa mbali kwa kila maana ya neno hilo. Elimu ya msingi kwa wote ilikuja 1977, yeye tayari ana watoto. Shule huupa ubongo akiba: ukianza kuharibika, kuna njia nyingine za kupitia. Lakini akiba haiwekwi darasani tu. Mama yako amepima mlenda kwa kikombe, akahesabu chenji, akakumbuka wadeni wote bila daftari, miaka yote ya biashara yake. Hiyo ni kazi ya ubongo, tena nzito, na wewe unakaribia kumwachisha.

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Umeniuliza kuhusu Iyumbu.

Nilikuwa na mgonjwa, mzee wa miaka 76, alikuwa anaishi karibu na soko, akishinda kijiweni kwa mafundi baiskeli. Alikuwa na usahaulifu kidogo. Mwanawe, kwa upendo kabisa, akampeleka kwake: nyumba nzuri ya geti, vigae, televisheni kubwa, binti wa kazi wa kumpikia. Kila mtu anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, wanarudi usiku. Mzee akawa anachukua kiti anakiweka nyuma ya geti, uso ukiangalia ule upenyo kati ya bati mbili za geti, upana wa vidole viwili. Binti wa kazi alinieleza hivyo. Anatazama magari yanavyopita. Hakuna aliyemwambia "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, mchana kutwa. Baada ya miezi minane hakujua tena njia ya chooni usiku, akawa analia jioni akitaka kurudi kwao. Siwezi kusema nyumba ile ndiyo iliyomfanya augue. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Lakini mtu mwenye dimenshia hutembelea ramani ya zamani. Nyumba aliyoizoea miaka arobaini anaweza kuzunguka akiwa amefumba macho; nyumba mpya inamtaka ajifunze upya, na kujifunza upya ndiko alikopungukiwa. Na upweke, kama nilivyosema, nao ni mlango.

Mtaa duni unaweza kuwa maskini wa maji na tajiri wa watu. Kipimo cha vigezo 17 cha Wamarekani hakihesabu jirani anayeona mlango wa mama haujafunguliwa saa mbili asubuhi akaja kugonga. Wala hakihesabu jumuiya, kikoba, kwaya. Sisemi hivyo ili kupamba umaskini. Nasema uhesabu pande zote mbili kabla ya kuhamisha.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu kukosa usawa, na ni gumu kupima kwa mashine yangu ya presha. Uingereza walifuatilia watumishi wa serikali, wenye mishahara na matibabu ya bure, kuanzia 1967. Hakuna aliyekuwa na njaa. Hata hivyo, kila ngazi ya cheo ilikuwa na vifo vingi kuliko ngazi iliyo juu yake. Nafasi ya mtu mbele ya wenzake huingia mwilini. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa, wazee wetu wameona Dodoma ikipanda mbele ya macho yao: barabara za lami, maghorofa, treni ya umeme, viwanja ambavyo walivikata kwa jembe vikiuzwa kwa fedha wasizowahi kuzishika. Ni maendeleo, nami nayafurahia. Lakini mzee anayeishi mtaa ambao lami imeuzunguka bila kuingia, na ambaye hajui kama kesho atawekewa alama ya X ya kubomolewa ukutani, hulala na mashaka. Mashaka ya miaka mingi huuacha mwili ukimwaga homoni ya kortisoli, na hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoisikia sana homoni hiyo. Mama yako ana hati ya kiwanja? Muulize. Ikiwa hana, kumsaidia kuipata nako nakuhesabu kuwa ni matibabu.

Kwa hiyo usimhamishe kwanza. Mpime kwanza. Zahanati au kituo cha afya cha karibu kinatosha kuanzia: presha, sukari, damu, masikio, macho, na orodha ya dawa zote anazotumia, hata za duka na za miti shamba. Waulize pia kama ana huzuni. Marehemu baba alifariki lini? Sonona ya mjane hufanana sana na dimenshia, na inatibika. Kipimo cha kumbukumbu hakihitaji ajue kusoma. Kutokana na kazi ya Hai kipo kipimo kinachotumia maneno ya kukariri, majina ya wanyama, swali kama daraja ni nini, na njiti 4 za kiberiti: nazipanga kwa umbo fulani mezani, naye anapanga za kwake zifanane. Nimeona wazee wakipanga njiti hizo kwa sekunde tano. Nimeona wengine wakizishika mkononi muda mrefu, wakizigeuza, kisha wananirudishia na kunishukuru. Ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo aende dirisha la wazee, na kama hana uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu. Mtendaji wa mtaa anajua barua inavyoandikwa. Nakuonya tu kwamba msamaha haujazi rafu za dawa. Siku nyingine ataambiwa anunue nje. Hapo ndipo wewe na kaka zako muwe na mfuko, kwa sababu dawa ya presha inayomezwa wiki mbili na kuachwa mbili haimsaidii.

Wakati mnasubiri majibu, funga milango ukiwa hapohapo Chang'ombe. Tenki lenye boya. Jiko la gesi au la umeme, ila siku za kwanza apike akiwa na mtu, maana aliyesahau sufuria anaweza kusahau gesi ikiwa wazi. Taa ya sola uani na njia ya choo. Mjukuu mmoja alale kwake. Aendelee kuuza mlenda wake. Jirani awe anatupia jicho chenji. Jumapili mlete Iyumbu, alale usiku mmoja, baadaye siku tatu, ajue choo kiko wapi, ajue jina la jirani. Ikifika siku ambayo anapotea njia ya kurudi nyumbani, au hawezi tena kukaa peke yake hata na msaada huo, ndipo ahamie, na atakuwa anahamia mahali anapopafahamu. Siku hiyo nenda naye na kigoda chake, kikombe chake cha kupimia, na hakikisha kuna mtu wa kukaa naye mchana. Geti liwe linafunguliwa.

Kuna yasiyo ya kwenu peke yenu, na sitaki uyabebe kama kosa la familia. Ratiba ya maji ikitoka mchana badala ya usiku wa manane, wazee wote wa mtaa watalala. Kivuko cha zege juu ya korongo na nguzo moja ya taa ni ajenda halali ya mkutano wa mtaa, na ukienda na mwenyekiti, diwani atalazimika kusikia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba. Wapewe mashine ya presha. Vijiji vile 326 vilianzia hapo, vikaongeza dawa na ufuatiliaji. Ukiandika barua ya mtaa, nitasaini.

Ukimleta kwangu, mje asubuhi kabla hajachoka, na mwende taratibu, asiambiwe anapelekwa kupimwa akili. Mwambie anakuja kupima presha, ni kweli. Mje na mfuko wa dawa kama ulivyo, msiupange. Na pamoja nawe aje yule jirani anayekaa naye barazani, kwa sababu wewe utanieleza mama alivyokuwa, lakini yeye ndiye aliyemwona jana.